Maswali ya Wasomaji: Kurudi Mjini Ulikoacha Marafiki

Swali la kwanza

Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Likoni, Mombasa. Nilifundisha Kisumu kuanzia mwaka 1986 hadi 2001, nikapanga nyumba mtaa wa Kaloleni, na miaka hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa bora katika maisha yangu ya kazi. Nilikuwa na marafiki wanne wa kufa na kuzikana: fundi saa, karani wa bandarini, mwalimu mwenzangu wa hesabu, na mwanamke aliyeuza samaki wakavu Kibuye, ambaye sote tulimwita mama ingawa alituzidi kwa miaka michache tu. Jumamosi jioni tulikutana Lwang'ni kula samaki, kisha kila mtu akapanda baiskeli yake ya bodaboda kurudi nyumbani. Tangu nihamishwe sijarudi huko. Mwalimu mwenzangu alifariki mwaka 2014, nami sikwenda kumzika kwa kuwa nilikuwa nimelazwa. Karani bado tunapigiana simu. Fundi saa alinikopesha shilingi 3,000 wiki niliyohama na sijamlipa hadi leo, na nadhani ndiyo sababu tukanyamaziana. Mama wa samaki sijui aliko. Nimepanga kwenda Desemba kwa siku nne. Je, niwaarifu au niwashtukize? Nianzie wapi? Na mji wenyewe nitautambua?

Jibu

Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Mji utautambua, ila si kwa alama ulizozitaja. Uliondoka mwaka uleule ambao Kisumu ilipandishwa hadhi kuwa jiji, miaka 100 baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, na tangu hapo ujenzi haujapumzika. Mnara wa saa uliozinduliwa mwaka 1938 ungali umesimama Barabara ya Oginga Odinga, na jua bado linazama katika Ghuba ya Winam kama ulivyoliacha. Kondele, hata hivyo, sasa ina barabara ya juu, na mtu aliyezoea mzunguko wa zamani akishuka pale hupoteza upande kabisa, asijue ziwa liko mbele au nyuma. Baiskeli za bodaboda zimeziachia pikipiki na tuktuk nafasi, kwa hiyo ile safari ya polepole ya usiku, abiria akiongea na mwendeshaji habari za mpira hadi mlangoni kwake, usiitafute.

Lwang'ni nayo haipo. Vibanda vile vya ukingoni mwa ziwa, ambavyo jina lake kwa Kijaluo ni nzi na hakuna aliyeona haya kula hapo, vilibomolewa wakati ardhi ya reli na ya bandari ilipokuwa ikiondolewa watu ili bandari ifufuliwe. Nakuambia mapema ili usije ukamsumbua mwenye tuktuk akupeleke mahali ambapo yeye, kwa umri wake, pengine amepasikia tu kwa wakubwa zake. Samaki mzuri bado anapatikana, na kwa mtu mwenye kumbukumbu kama zako ningependekeza Dunga, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, ambako mnaweza kukaa karibu na mafunjo mkala ngege, yaani sato, kwa mkono huku mashua zikirudi. Watu wa pwani huwa na maneno mengi kuhusu samaki wa maji baridi. Wewe umekaa huko miaka 15, kwa hiyo sitakuhubiria.

Sasa nikueleze kwa nini sikutaka kuanza na majengo. Mimi pia niliwahi kurudi Kisumu baada ya miaka 11, nikiwa na orodha mfukoni: duka la vitabu, mti wa kivuli, hoteli ya chai ya asubuhi, ukuta fulani tuliozoea kukaa juu yake. Siku mbili nzima nilimtembeza rafiki yangu juani tukitafuta vitu hivyo, na kila kilipokosekana nilisikitika kwa sauti, nikapiga picha mahali kilipokuwa, nikauliza nani alikibomoa na kwa ruhusa ya nani. Jioni ya pili alisimama katikati ya njia akaniuliza, "Omera, umekuja kututembelea au umekuja kukagua?" Nilicheka, lakini swali lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa la haki. Yeye ndiye aliyeishi na mabadiliko yale yote, ameyalipia kodi na kuyakanyaga kila siku, na mimi niliyeondoka nilikuwa nikimwonyesha kasoro za nyumba yake. Kwa hiyo, mwalimu, orodha yako iwe ya watu wanne ulionitajia. Mahali mtakapokutana wachague wenyewe, hata kama ni hoteli mpya isiyo na lolote la kukukumbusha.

Je, uwashtukize? Hapana. Kushtukiza kunamfurahisha anayeshtukiza. Safari hiyohiyo niliingia Manyatta bila taarifa kwa rafiki mwingine, saa saba mchana, nikidhani nitamfurahisha. Alifurahi kweli. Lakini nilisikia mkewe akinong'ona na mtoto nyuma ya nyumba, kisha mtoto akatoka mbio kwenda dukani bila pesa mkononi, na baada ya muda kidogo kuku mmoja, ambaye baadaye niligundua alikuwa akitaga, akanyamaza ghafla. Mgeni wa mbali hapewi chai tupu katika nyumba ya heshima. Ukiwaarifu wiki mbili kabla, unawaachia nafasi ya kujipanga, na pia nafasi ya kusema kwamba wiki hiyo haifai, jambo ambalo mtu aliyeshtukizwa mlangoni hawezi kulisema.

Nianzie wapi, umeuliza. Umewaita marafiki wa kufa na kuzikana, na mmoja wao hukumzika. Anzia hapo. Najua ulikuwa umelazwa, na hakuna mtu mwenye akili atakayekulaumu, lakini naona katika barua yako kwamba hujajiachilia, na ukiliacha hilo hadi siku ya nne utalibeba katika kila mlo wa siku tatu za mwanzo. Unajua kwamba Wajaluo huzikwa nyumbani kwao mashambani, ndani ya boma, wala si makaburi ya mjini, kwa hiyo hii ni safari ya siku nzima. Mwombe karani, kwa kuwa yeye ndiye daraja lako, awapigie simu mjane au mtoto mkubwa wa marehemu, na ikiwezekana aandamane nawe. Mgeni anayeletwa na mtu anayejulikana huketi kwa urahisi zaidi. Nendeni asubuhi. Chukua sukari, majani ya chai, unga, mkate na mafuta ya kupikia, vitu vinavyoingia jikoni moja kwa moja, na bahasha ndogo umpe mjane mkononi wakati wa kuaga. Usikimbilie kaburini ukifika. Keti kwanza, salimianeni, unywe utakachopewa. Wao ndio watakaokuonyesha.

Utaombwa useme neno. Hapo wengi wetu huharibu kwa kueleza kirefu kwa nini hatukuja mazishini: hospitali gani, daktari alisema nini, nauli ilikuwa kiasi gani. Sema kwa sentensi moja kwamba ulikuwa mgonjwa na hukuweza, uombe radhi, kisha uwape kile ambacho wewe peke yako unacho, nacho ni kisa kimoja au viwili vya baba yao akiwa kijana darasani, kabla hawajazaliwa au walipokuwa wadogo mno kukumbuka. Watoto wake wana picha zake na wana kaburi lake. Jinsi alivyowafundisha wanafunzi wazito wa hesabu, au alivyobishana nanyi pale Lwang'ni, hawana.

Deni sasa. Shilingi 3,000 za mwaka 2001 hazikuwa pesa kidogo kwa fundi saa, na usijidanganye kwamba amesahau. Mwenye kukopesha hasahau, hunyamaza tu. Huenda pia umekosea kuhusu ukimya wake, kwa maana biashara ya saa imekuwa ngumu tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, na mtu ambaye mambo yake yameharibika mara nyingi hujificha kwa aibu yake mwenyewe, si kwa hasira juu yako. Vyovyote iwavyo, usimtumie pesa kwa simu kabla ya kufika. Mimi ningezipokea kama tangazo la kufunga hesabu. Usimpe mezani mbele ya wenzenu pia, kwa sababu utamlazimisha akatae kwa sauti kubwa ili aonekane muungwana, na akishakataa hadharani hataweza kuzichukua faraghani. Tembea naye hatua chache pembeni, mwambie, "Hizi ni zako, na nimechelewa," basi. Wala usianze kupiga mahesabu ya thamani ya shilingi ya wakati ule na ya sasa ukampa kiasi chenye senti. Mrudishie 3,000 zake kamili, na kama una uwezo wa kuongeza, nyongeza hiyo iwe zawadi ya wajukuu, itolewe wakati mwingine na kwa jina jingine.

Kuhusu mama wa samaki, nenda Kibuye Jumapili, siku ambayo soko huvimba hadi barabarani. Hujanitajia jina lake, na nashuku hukuwahi kulijua vizuri, kwa sababu wanawake wengi wa Kijaluo sokoni huitwa kwa kwao walikozaliwa: Nyar Seme, Nyar Alego, Nyar Gem, yaani binti wa mahali fulani. Jaribu kukumbuka jina hilo, kwa kuwa litakusaidia kuliko jina la kitambulisho. Waulize wauzaji wa omena na samaki wakavu walio wazee zaidi, useme alikaa upande gani wa soko na miaka gani. Usimuulize kijana, na usiulize ukiwa umesimama juu ya bidhaa ya mtu bila kununua. Nunua kwanza, kisha uliza. Ikiwa ameacha biashara, utaelekezwa kwa binti au mkamwana aliyerithi nafasi yake, kwa maana nafasi nzuri sokoni haiachwi hivi hivi.

Mwisho, tarehe. Desemba ina tatizo ambalo watu wa mbali hawalifikirii: wiki ya Krismasi wakazi wengi wa Kisumu huwa wamekwenda mashambani, na nauli za mabasi ya kutoka Nairobi hupanda kwa kiwango cha kumwudhi mstaafu. Ukienda siku kumi za mwanzo za mwezi utawapata karani na fundi mjini, na nauli itakuwa ya kawaida. Ukisubiri Krismasi utaipata familia ya marehemu imekamilika nyumbani, hata watoto wanaofanya kazi mbali. Chaguo ni lako, ingawa mimi ningeenda mapema. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu, juu ya reli ya zamani, ilirejeshwa Desemba 2021, lakini haiendi kila siku na ni ya polepole, kwa hiyo uliza ratiba kituoni kabla ya kuipangia. Kwa siku nne, ningekushauri uende kwa treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha basi, ambalo lina takriban kilomita 350 za kwenda. Uhesabu siku nne hizo kuanzia asubuhi utakayoamka Kisumu, wala si kuanzia utakapofunga mlango wa Likoni.

Swali la pili

Mhariri, nilizaliwa na kulelewa Nakuru, na familia yetu ilihama Januari 2008 wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi. Nilikuwa na umri wa miaka 19. Usiku tulipofukuzwa, tulibisha kwa rafiki yangu niliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Walikuwemo, kwa maana taa ilizimwa tulipobisha, lakini hawakutufungulia. Tukaokolewa na mzee mmoja jirani ambaye hatukuwa hata na mazoea naye. Sasa ninaishi Kakamega na nina watoto. Mwaka huu rafiki yule amenitafuta mtandaoni, ananiandikia kana kwamba tuliagana jana, na ananikaribisha kwake. Naupenda sana mji ule. Je, niende? Nikienda, nimuulize kuhusu mlango?

Jibu

Dada yangu, nenda, lakini usiende kwanza kwake. Nenda kwa mzee aliyewaficha, na kama ameshafariki, nenda kwa watu wake, uende na watoto wako ili wajue ni kwa sababu ya nani wao wapo. Sijui kama mliwahi kumshukuru ana kwa ana. Watu waliofanya jambo kama lile mara nyingi hawakulisimulia kokote, kwa kuwa mwaka ule kulisimulia kulikuwa hatari kwao pia.

Rafiki yako kutana naye, ila si nyumbani kwake. Mtafutane katikati ya mji, mchana, mahali pa chai ambapo kila mmoja anaweza kuinuka na kuondoka bila kuomba ruhusa. Mwaliko wa nyumbani una uzito ambao bado hamjaufikia. Ukikuta amehamia nyumba nyingine, uzito huo utapungua kidogo, lakini hautaisha. Wala msipange kukutana ziwani mkitarajia kuona heroe wa utotoni mwenu wakiwa wametanda kama kitambaa cha waridi. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu takriban mwaka 2010, yakalimeza lango kuu la zamani la hifadhi, na magadi yakazimuliwa hata mwani wanaoula ndege hao ukapungua, wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Mji wenyewe umekuwa jiji tangu Desemba 1, 2021, na utaukuta una haraka kuliko ulivyouacha. Mkitaka mahali pa kutazama mbali bila kulazimika kutazamana, pandeni ukingo wa kasoko ya Menengai.

Kuhusu mlango, nakuomba ufikirie jambo moja kabla hujaamua. Rafiki yako naye alikuwa na miaka 19 au karibu na hiyo. Mlango ule haukuwa wake. Ulikuwa wa baba yake, na aliyezima taa huenda hakuwa yeye. Simtetei, kwa maana inawezekana pia kwamba alikuwa amesimama nyuma ya dirisha akiwatazama mkienda, na miaka yote hii amekuwa akijua kwamba siku moja utauliza. Barua zake za uchangamfu, kana kwamba mliagana jana, zinanifanya nishuku hivyo. Mtu asiye na la kuficha angekuwa ameutaja mwaka 2008 walau mara moja.

Hulazimiki kuuliza. Wapo watu wengi katika nchi hii wanaonunua nyanya kwa jirani aliyewageuka, wakaulizana habari za watoto, na swali hilo wakaliacha chini ya meza kwa hiari yao, nami siwaoni kuwa waoga. Lakini ukijihisi huwezi kumaliza kikombe bila kuuliza, basi uliza, mara moja, mkiwa wawili tu, bila watoto kusikia. Uliza kwa maneno mafupi: "Usiku ule, nani alizima taa?" Kisha umwache ajibu hadi amalize, hata akilia, hata akisema uongo. Usimsaidie jibu. Na akikuomba msamaha, huna wajibu wa kumjibu siku hiyohiyo. Mwambie umesikia, na kwamba utamwandikia ukifika Kakamega.

Swali la tatu

Mhariri, nilisomea Kisumu na sasa ninafanya kazi Bungoma. Nikienda kuwatembelea wenzangu tuliokuwa tukiishi chumba kimoja, nilale kwao au nilale hotelini? Wao wanasisitiza nilale kwao.

Jibu

Usiku wa kwanza lala kwao, kwa kuwa wakisisitiza na wewe ukakataa, watasema Bungoma imekubadilisha. Usiku wa pili na kuendelea, ikiwa mwenzako bado ana chumba kimoja na sasa ana mke, tafuta chumba cha bei nafuu mjini, umwambie kwamba una shughuli ya kuanza asubuhi mapema, hata kama shughuli yenyewe ni kulala. Chakula cha jioni usikikose kwao hata siku moja. Ukifika, usiende mikono mitupu, lakini usinunue keki. Nunua unga, sukari na nyama, umkabidhi mke wake na si yeye. Na ukiona mitungi ya maji imepangwa mlangoni, ujue maji hayo yamenunuliwa na kubebwa, kwa hiyo oga kwa karai moja.